Mtungi Uliojaa

Vitamini D imepandishwa cheo. Zamani ilitajwa kwa matege ya watoto. Leo wazee huambiwa kuwa italinda mifupa yao na moyo, na kuwaepusha na saratani. Hoja yetu katika toleo hili ni kwamba vitamini hii humfaa mzee aliyepungukiwa nayo, na kwamba asiyepungukiwa haimwongezei kitu kikubwa. Mwaka 1992 watafiti wa Ufaransa walichapisha jaribio la wanawake 3,270 wa makao ya wazee, wenye wastani wa umri wa miaka 84. Waliopewa kila siku yuniti 800 za vitamini D pamoja na gramu 1.2 za kalsiamu walivunjika nyonga kwa asilimia 43 pungufu ya wenzao katika miezi 18. Lakini jaribio la Marekani la watu 25,871, wote wa miaka 50 na zaidi, lilionyesha kwamba yuniti 2,000 kwa siku hazikuzuia saratani wala maradhi ya moyo, na matokeo yake ya 2022 yakaonyesha kuwa hazikupunguza hata kuvunjika mifupa. Majaribio haya hayapingani. Ajuza wa Ufaransa walikuwa na upungufu, tena walipewa na kalsiamu. Wamarekani wengi walikuwa na vitamini ya kutosha tangu mwanzo. Mtungi uliojaa ukiuongezea maji, yanamwagika tu.

Msomaji atasema: huo ni upungufu wa nchi za baridi, sisi jua tunalo. Ni kweli kwamba Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, katika utafiti wa 2012, walikuwa na wastani wa nanomoli 115 kwa lita ya damu, zaidi ya mara mbili ya 50 ambazo wataalamu wengi huziona zinatosha. Ila hao hushinda nje. Mzee aliyefungiwa ndani na maumivu ya magoti, au na woga wa wanawe kwamba ataanguka, yumo katika nchi ya jua lakini hayumo juani. Kioo cha dirisha hupitisha mwanga na kuzuia miale inayotengeneza vitamini, na ngozi ya uzeeni ina uhaba wa malighafi ambayo miale hiyo huigeuza. Mwingine atasema basi tumpe nyingi, tusibahatishe. Australia walijaribu: wanawake 2,256 wa miaka 70 na zaidi waligawanywa makundi mawili, na waliopewa yuniti 500,000 kwa mkupuo mmoja kila mwaka wakaanguka na kuvunjika zaidi ya wasiopewa, kama ilivyoripotiwa mwaka 2010. Kwa hiyo swali la kwanza si kidonge gani kinunuliwe, bali mzee huyu hutoka nje mara ngapi na hula nini. Akionekana amepungukiwa, daktari ampe dozi ndogo ya kila siku. Wengine wote, kiti kitolewe uani.