Mcheza ugenini naye atunzwe

Kila zinapofanyika sherehe za utamaduni mjini Lamu, ukingo wa bandari hujaa watu waliokuja kutazama mashindano ya mashua. Mashua ya kwanza ikifika, vigelegele hupaa na ngoma huitikia. Ya pili nayo hupata wa kuishangilia. Ya mwisho huingia wakati watazamaji wamekwisha kuelekea kwenye mbio za punda, na nahodha wake hukunja tanga pasipo shahidi. Sisemi haya ili kuwalaumu Waamu. Ndivyo tulivyo Wakenya wengi: macho yetu humfuata mshindi, naye pia tukamsahau msimu ukipita.

Nimelikumbuka jambo hili kwa sababu Februari 2028 itatimia miaka 30 tangu Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani. Michezo kama hiyo ikifikia kumbukumbu yake, wenyeji huwa na desturi ya kuwaalika wanamichezo wa zamani, na aghalabu anayeshangiliwa sana si mwenye medali nyingi. Nagano nasi tuna mtu wetu.

Tarehe 12 Februari 1998, Philip Boit, mkimbiaji wa masafa ya kati kutoka Bonde la Ufa, alishiriki katika mbio za kilomita 10 za theluji, zile ambazo mtu huteleza kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni. Miaka miwili tu kabla ya hapo alikuwa hajapata kuiona theluji kwa karibu. Kampuni ya Nike ndiyo iliyompeleka Finland, yeye na mwenzake Henry Bitok, wakafunzwe mchezo huo. Boit alimaliza wa 92, ambaye ndiye wa mwisho, kiasi cha dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwe. Dæhlie hakuondoka. Alimngoja pale pale penye mstari, akamkumbatia. Boit naye aliporudi nyumbani akampa mwanawe jina la Dæhlie.

Wapo waliosema wakati ule, na wapo wasemao hata leo, kwamba lile lilikuwa tangazo la biashara tu. Hoja hiyo ina uzito. Kampuni ya viatu haimpeleki mtu kwenye baridi kwa mapenzi matupu. Lakini tangazo lingeishia Nagano. Boit alirejea Salt Lake City mwaka 2002, akarejea tena Torino, Italia, mwaka 2006, na huko hakuwa wa mwisho. Mtu aliyeendelea kwa miaka minane baada ya kuchekwa hawezi kuitwa kikaragosi cha mfanyabiashara. Baada yake Kenya haikuonekana tena katika michezo hiyo hadi mwaka 2018, Sabrina Simader aliposhiriki huko PyeongChang, Korea Kusini.

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Wengine husema hutuzwa, na walimu wa Kiswahili wamekuwa wakiulizwa ipi ni sahihi. Kwangu mimi tofauti hiyo ya herufi moja ina mafunzo. Kutuza ni kumpa mtu zawadi kwa alilolifanya vyema. Kutunza kunabeba maana hiyo na nyingine zaidi: kuhifadhi, kulea, kutoacha kitu kikaharibika. Tuzo hutolewa kwa siku moja, ilhali matunzo ni kazi ya miaka. Sisi tumekuwa hodari wa kutuza, hasa kamera zinapokuwapo, lakini kutunza kumetushinda.

Jirani zetu wa Tanzania wanatupa mfano. John Stephen Akhwari alikimbia marathoni ya Mexico tarehe 20 Oktoba 1968. Aliumia njiani, akafika uwanjani akichechemea na mguu umefungwa bendeji, wakati mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikwisha kufika zaidi ya saa moja kabla yake. Alikuwa wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Hata hivyo, miaka 40 baadaye, mwenge wa Olimpiki ya Beijing ulipopita Dar es Salaam mwaka 2008, Akhwari alikuwa miongoni mwa walioubeba. Jina lake lilikuwa bado limehifadhiwa. Nasi tarehe hiyo hiyo, 20 Oktoba, ndiyo Siku yetu ya Mashujaa kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Je, katika hotuba za siku hiyo tumepata kumtaja mtu aliyefika wa mwisho?

Huenda mwanafunzi akauliza: basi tusherehekee kushindwa? La hasha. Anayemaliza wa mwisho katika jambo ambalo kwao halijapata kufanywa ndiye wa kwanza kulijua. Ujuzi wake ndio ngazi ya anayemfuata, na tusipomwita akausimulia, anayefuata huanzia chini tena.

Hapa Lamu ngazi hiyo inaoza mbele ya macho yetu. Mashini imechukua kazi ya tanga, na kijana aliyekulia Pate au Faza anaweza kumaliza shule asijue foromali ni ipi, henza ni ipi na demani ni ipi. Wazee wanaovijua vifaa hivyo kwa kuvishika wapo, wengi wao wakiwa walioshindana zamani, wakashinda au wakashindwa. Hatuna sababu ya kungoja serikali. Shule moja moja inaweza kumwalika nahodha mmoja kila muhula, wanafunzi wakaandika anayoyasema. Waandaaji wa mashindano nao wanaweza kuweka daftari la majina ya wote waliomaliza, na kumpa nahodha mstaafu heshima ya kukabidhi tuzo.

Lugha yetu yenyewe inatuonyesha kuwa kutunza tunakuweza. Neno theluji limetokana na Kiarabu, na barafu na Kiajemi, lugha za watu ambao kwa karne nyingi walifika pwani hii na pepo za kaskazi. Katika visiwa hivi theluji haijapata kuanguka, lakini neno lake tumelihifadhi, likasubiri hadi lilipopata kazi ya kumweleza Mkenya aliyekuwa Nagano. Ikiwa tuliweza kutunza neno la kitu ambacho hatunacho, hatutakuwa na udhuru wa kushindwa kumtunza mtu tuliye naye. Wajapani wakimkumbuka mwaka 2028, wasiwe wametutangulia.