Jua Kali na Jani Lenye Njaa

Katika mazoezi ya kufundisha, somo la usanisinuru huandikwa ubaoni vizuri: mwanga, maji, kabonidayoksaidi na umbijani. Kisha mwalimu huongeza kwa mdomo kwamba mwanga ukizidi, na chakula cha mmea huzidi. Nyongeza hiyo ndiyo ninayoipinga.

Mtoto wa mkulima huenda ameona maharage yaliyo juani yakigeuka manjano, na yale yaliyo kando ya mgomba yakibaki kijani. Akiyasema hayo darasani huambiwa amekosea. Hakukosea, na akinyamazishwa mara mbili ataacha kutazama.

Jani hupokea mwanga hata lisipokuwa na kazi ya kuupa. Tuchukue magnesi. Madini hayo ndiyo kiini cha umbijani, lakini pia husaidia kunasa kabonidayoksaidi na kuitoa sukari katika jani iende mizizini na kwenye mbegu. Yakipungua, sukari hurundikana na unasaji hufifia, ilhali jua halipunguzi ukali wake. Nguvu iliyokosa matumizi huiangukia oksijeni, nayo hugeuka kuwa kali na kuharibu umbijani wenyewe. Mwaka 1989, Horst Marschner na Ismail Cakmak walionyesha kwamba maharage yaliyopungukiwa na zinki, potasi au magnesi huumia zaidi katika mwanga mkali. Mbolea na mwanga, basi, ni somo moja, ingawa mihtasari hupenda kuyatenga.

Jaribio lake halihitaji maabara. Katika bustani ya shule tafuta mharage ambao majani yake ya chini yameanza umanjano kati ya mishipa. Chagua jani lililo juu kidogo, ambalo bado ni kijani, ulifunike nusu kwa kitambaa chepesi cheupe. Fanya vivyo hivyo kwa mharage wenye afya katika tuta lililotiwa samadi. Bila huo wa pili, jaribio ni mchezo tu. Usitumie kadibodi, kwani giza tupu nalo hulifanya jani kuwa manjano, nawe utabaki huna la kuwaeleza wanafunzi.

Kabla ya kufunika, kila mwanafunzi aandike anachotarajia, pamoja na yule aliyeyaona maharage ya kwao. Wiki mbili baadaye kitambaa kiondolewe mbele ya darasa zima, na mwalimu asiwe wa kwanza kusema.