Kesi Iliahirishwa, Mwandishi Hakurudi

Anayetaka kujua habari inavyoingia Kosele asianze na gazeti. Aanze na redio. Katika soko hili la Rachuonyo Kusini, kaunti ya Homa Bay, jirani na Oyugis, Ramogi FM husikika tangu alfajiri kwa fundi wa cherehani, kwenye duka la mbolea na pale kijiweni pa boda boda, na kila kinachotangazwa hupata maelezo ya ziada papo hapo: ni boma lipi, ni mtoto wa nani, mshukiwa anahusiana vipi na nani. Mtangazaji akisema tu kwamba msichana wa darasa la sita amenajisiwa na mjomba wake katika lokesheni fulani, jina la mtoto huwa limeshatajwa kijiweni kabla ya taarifa kufika kwenye michezo.

Toleo hili linahusu ulinzi wa watoto na imani ya wananchi kwa wale waliopewa kazi hiyo: afisa wa watoto, chifu na naibu wake, polisi wa dawati la jinsia, daktari anayejaza fomu ya P3, hakimu. Kuna lawama ambayo sisi wa vyombo vya habari tumeizoea. Tunaambiwa kwamba habari zetu mbaya ndizo zinazowafanya watu wazikimbie afisi hizo. Mzazi akisikia kila siku kuhusu afisa aliyekula hongo na makao ya watoto yaliyogeuka jinamizi, atapata wapi moyo wa kwenda kuripoti?

Sikubaliani na lawama hiyo jinsi inavyotolewa. Mwananchi wa Kosele hahitaji redio imfundishe kwamba hongo ipo. Hoja yangu ni nyingine: imani huliwa na habari tunazozianza tusizimalize. Tunafika siku ya kilio, tunachukua picha, tunaondoka. Kesi inapotajwa mara ya kwanza katika mahakama ya Oyugis huenda tukawapo. Inapoahirishwa, hatupo. Miezi inapita, na wanakijiji wanachokiona ni mshukiwa aliyeachiliwa kwa dhamana akinywa chai sokoni. Hakuna aliyewaeleza kwamba dhamana ni haki ya kikatiba na kwamba kesi bado inaendelea. Wanahitimisha wenyewe kwamba ameshamalizana na maafisa. Mama mwingine mwenye shida kama ile anapoona hivyo, anachagua kikao cha wazee na fidia ya ng'ombe.

Shakahola ingetosha kuwa ushahidi. Machi 2023 vyombo vya habari viliripoti kwamba mhubiri Paul Mackenzie alikuwa amekamatwa kuhusiana na vifo vya watoto wawili waliodaiwa kunyimwa chakula hadi kufa, na kwamba mahakama ilimwachilia kwa dhamana ya shilingi 10,000. Habari ilitoka, ikasomwa, ikazama chini ya nyingine. Katikati ya Aprili polisi waliingia katika msitu wa Shakahola, na makaburi yakaanza kufukuliwa. Miili iliyopatikana ilipita 400, na Februari 2024 Mackenzie na wenzake walifikishwa kortini wakishtakiwa kwa mauaji ya watoto 191. Sisemi kwamba mwandishi mmoja angeuzuia ukatili ule. Ninasema kwamba kati ya dhamana ile na kaburi la kwanza zilipita wiki kadhaa ambazo mtu yeyote mwenye kalamu angeweza kuuliza mtu huyu amerudi wapi, na kwa watoto gani. Swali hilo halikuwa na dawati katika vyumba vyetu vya habari.

Linganisha na kesi za aina nyingine. Mwaka 2013, huko Busia, washukiwa waliomnajisi msichana aliyepewa jina la kumficha la Liz walikatishwa nyasi katika kituo cha polisi, wakaruhusiwa kwenda nyumbani. Daily Nation iliandika, na haikuandika mara moja tu. Ombi la kudai haki lilipata sahihi zaidi ya milioni moja duniani, na Aprili 2015 watu watatu walihukumiwa kifungo cha miaka 15 kila mmoja. Mwaka huohuo wa 2013, mwezi Mei, Mahakama Kuu ya Meru ilikuwa imeamua katika shauri la wasichana wa eneo hilo kwamba polisi wanaopuuza malalamiko ya unajisi wanakiuka katiba. Uamuzi mkubwa huo! Lakini nani kati yetu aliuchukua akaueleza kwa Dholuo, kwa Kikuria, kwa Kiswahili cha sokoni, ili baba wa Kosele ajue kwamba polisi akimwambia “rudini mkaelewane nyumbani” ndiye aliyevunja sheria?

Filamu ya BBC Africa Eye ya Novemba 2020 kuhusu wizi wa watoto wachanga iliwashtua wengi, kwa sababu mmoja wa walionaswa na kamera ya siri alikuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii katika Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, Nairobi. Huyo ni mtu aliyewekwa pale kuwalinda watoto waliotelekezwa. Miaka karibu mitatu baadaye, mwaka 2023, mahakama ilimtia hatiani na kumfunga. Kelele za filamu zilikuwa kubwa mno kuliko kelele za hukumu. Wapo wanaoamini hadi leo kwamba yule mtu yuko kazini. Kwao mfumo ulifeli, ilhali safari hii, japo kwa kuchelewa na kwa kusukumwa na kamera ya kigeni, ulifanya kazi yake.

Serikali nayo ina mkono wake katika hili. Agosti 2025, Africa Eye ilipoonyesha biashara ya ngono ya wasichana wadogo katika mji wa malori wa Maai Mahiu, Waziri wa Usalama wa Ndani Kipchumba Murkomen aliwaambia wabunge kwamba filamu ile ni ya uongo, kwa madai kwamba waliohojiwa hawakuwa watoto. BBC ilijibu kwamba filamu yenyewe ilieleza wazi kuwa wale ni watu wazima wakisimulia waliyotendwa wakiwa wadogo. Mjadala wote ukahamia kwenye vyeti vya kuzaliwa. Mimi naona jibu la namna hiyo linaharibu imani kuliko filamu kumi, kwa sababu msichana anayewaza kusema ameshaonyeshwa atakavyopokelewa akisema.

Hata hivyo nisiwe mwepesi wa kuwanyooshea wengine kidole. Ukiuliza kwa nini hatumalizi habari, jibu liko mfukoni. Waandishi wengi wa mashinani, wale walioko Homa Bay, Migori, Rongo au Kendu Bay, si waajiriwa wa kudumu. Hulipwa kwa habari iliyotumika. Kukamatwa kwa mshukiwa ni habari. “Kesi imeahirishwa kwa sababu shahidi hakufika” si habari, kwa hiyo hailipwi, na nauli ya kwenda kuisikia inatoka kwa mwandishi mwenyewe. Mara nyingine nauli hiyo hulipwa na shirika lenye mradi wake, na ndipo tunapata taarifa ambayo ndani yake nembo ya shirika inaonekana vizuri kuliko kesi. Anayetaka waandishi wafuatilie mashauri ya watoto na alipie ufuatiliaji.

Lipo pia suala la uso uliofifizwa. Kanuni za maadili ya uandishi wa habari zinakataza kumtambulisha mtoto katika kesi za makosa ya ngono, awe mwathiriwa, shahidi au mshtakiwa, na Sheria ya Watoto ya 2022 inalinda faragha yake. Tunatii kwa kufifiza sura. Kisha tunamhoji mama mlangoni mwa nyumba ambayo kila mtu anaijua, tunaonyesha sare ya shule, tunataja lokesheni. Nairobi mbinu hiyo huenda ikamficha mtoto. Kosele haimfichi hata kwa dakika moja. Tulichokifanya ni kumficha kwa watu wasiomjua na kumtangaza kwa wale atakaokutana nao kisimani kesho. Majirani wanajifunza kwamba kwenda kwa afisa wa watoto ni sawa na kwenda redioni, na afisi ya watoto inabebeshwa aibu tuliyoizalisha sisi.

Eneo hili lina historia yake inayofanya imani iwe jambo zito zaidi. Ukimwi ulilipiga Nyanza Kusini kuliko karibu popote nchini. Utafiti wa kitaifa wa 2018 bado ulikuta maambukizi ya asilimia 19.6 miongoni mwa watu wazima wa Homa Bay, wakati kiwango cha taifa kilikuwa 4.9. Yatima walikuwa wengi, na makao ya watoto yakachipuka, mengi yakiendeshwa kwa fedha za makanisa na wafadhili wa ng'ambo. Sisi tuliyapamba. Kila Desemba kamera zilienda na magunia ya unga, magodoro na mwanasiasa, na mtazamaji alifundishwa kwamba mahali salama kwa yatima ni nyuma ya lango lenye kibao. Dani, bibi aliyewalea wajukuu wanne kwa kuuza omena, hakupata hata sekunde 30, ingawa ni akina dani hao waliobeba mzigo mkubwa kuliko makao yote.

Halafu upepo ukageuka. Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na mwaka 2022 ikazindua mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto katika familia na malezi ya jamii. Kati ya hapo zikatoka habari za akina Gregory Dow, Mmarekani aliyeanzisha makao ya watoto Bomet mwaka 2008 na kuhukumiwa kwao mwaka 2021 kifungo cha zaidi ya miaka 15 kwa kuwadhulumu wasichana aliowalea. Msikilizaji aliyeaminishwa kwa miaka 20 kwamba lango lile ni wokovu sasa anaambiwa watoto watolewe humo. Bila maelezo, anachosikia ni kwamba serikali inafunga makao na kuwatupa watoto. Mkakati huo unaweza kuwa mzuri, nami nadhani ni mzuri, lakini kumrudisha mtoto kwa shangazi aliye hoi bila ufuatiliaji ni hatari nyingine. Mwandishi anayefika siku ya kufungwa kwa makao asiyerudi baada ya mwaka hawezi kumwambia msomaji ni lipi lililotokea.

Uingereza walipitia upande wa pili wa jambo hili. Baada ya kifo cha mtoto Peter Connelly mjini London mwaka 2007, gazeti la The Sun liliendesha kampeni ya kudai wafanyakazi wa ustawi wafutwe, na sahihi zikapita milioni moja. Mkurugenzi wa huduma za watoto wa Haringey, Sharon Shoesmith, aliondolewa na waziri mbele ya kamera, na mwaka 2011 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba hakutendewa haki. Wakati huo maombi ya kuwaondoa watoto kwa wazazi wao yalikuwa yamepanda kwa kasi, kwani kila afisa aliogopa kuwa wa pili magazetini. Kwetu hatujafika huko, kwa sababu afisa wetu wa watoto hajulikani hata kwa jina. Anahudumia kaunti ndogo nzima akitegemea wahudumu wa kujitolea, na wananchi wengi hawajui mlango wake uko wapi. Ukimya kuhusu kazi yake ya kila siku unamnyima utetezi siku ya lawama, na unamnyima mwananchi kipimo cha kumdai.

Hata mafanikio tunayapita. Utafiti wa kitaifa wa 2010 uligundua kwamba asilimia 32 ya wasichana waliofikia umri wa miaka 18 hadi 24 walikuwa wamepitia ukatili wa kingono utotoni. Ule wa 2019 ulikuta asilimia 15.6. Homa Bay, ambako mwaka 2014 asilimia 33 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba, ilishuka hadi 23 mwaka 2022. Bado ni wengi mno, na takwimu za namna hii hutegemea waliothubutu kujibu. Lakini anayesikia miaka yote kwamba kaunti yake ni ya aibu, bila kuambiwa kilichobadilika wala nani alikibadilisha, hana sababu ya kupiga 116, nambari ya msaada kwa watoto, ijapokuwa simu hiyo ni ya bure usiku na mchana.

Kuanzia toleo hili, kila kesi ya mtoto tutakayoiandika itaingia katika daftari pamoja na tarehe yake inayofuata ya kutajwa, na tutawalipa waandishi wetu kwa siku ya mahakamani hata kama kilichotokea ni kuahirishwa. Hatutataja lokesheni. Hatutamhoji mama mlangoni pake. Pia tutaandika mwisho wa kila kesi, ikiwemo ile ambayo mshtakiwa ataachiliwa huru, na hapo ndipo ninapotarajia malalamiko mengi zaidi kutoka kwenu. Mtatuuliza kwa nini tunawakatisha watu tamaa. Lakini kesi hizi mara nyingi huanguka mahali panapojulikana: fomu ya P3 iliyojazwa nusu, umri wa mtoto usiothibitishwa, shahidi aliyekosa nauli, familia iliyokwisha kupokea ng'ombe. Tukiandika kesi imeangukia wapi, chifu ataulizwa barazani, na daktari ataulizwa hospitalini.