Injini ya 504 Iliundwa Ishushwe
Na Okello wuod Rongo

Kutoka Isebania kupitia Migori, Awendo na Rongo hadi Homa Bay, Probox ndizo zimetawala. Peugeot 504 ya siti saba, ile iliyowabeba wazee wetu kwenda Nairobi, sasa utaikuta uani, magurudumu yamezama, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Mwenyewe hushauriwa mambo mawili: uza kwa kilo, au ng'oa injini utie ya Toyota.

Nayapinga yote mawili. Gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 likiendeshwa na Ove Andersson, kisha ndugu yake wa milango miwili akarudia 1978 na Jean-Pierre Nicolas, halikushindwa na vumbi la Rongo. Limeshindwa na haraka yetu.

Silinda za injini ile si matundu yaliyotobolewa ndani ya bloku. Ni laina, mabomba ya chuma yaliyozungukwa na maji, yanayochomolewa na kubadilishwa pamoja na pistoni na ringi zake. Huna haja ya kusafirisha bloku ikachongwe mjini. Cheni bloku kwenye nguzo tatu za mkaratusi, ardhi ngumu, na jeki ya kuegemeza gia boksi inayobaki nyuma: kazi inafanyika nyumbani. (Tawi la mwembe tuwaachie watoto wabembee.)

Balaa huanza hedi ikishatoka. Mtu anazungusha krenki aone tu kama inazunguka. Laina ambazo hazikubanwa huinuka, sili za chini huachia, na baadaye maji yanaingia kwenye oili. Hapo tunasema Wafaransa walituuzia gari bovu.

Na kurudisha ni kugumu kuliko kushusha. Sahani ya klachi sharti ikae katikati kabisa, shafti ya gia boksi iingie bila injini kuilalia. Ikikataa, unarudi nyuma, unapima, unaanza tena. Wakati huohuo simu inalia: ni Alhamisi, mazishi ni Jumamosi, gari liko wapi? Fundi mwenye msimamo huizima. Mwenye njaa huivuta injini kwa bolti mpaka ganda la klachi lipasuke.

Wa Toyota naye asidhani amekwepa. Maunti zitachomelewa upya, na namba ya injini haitalingana tena na ya logbuku, kwa hiyo NTSA ni lazima wajulishwe. Wangapi huenda?

Tuna tabia mbaya pia ya kulipa vizuri siku injini inaposhuka, kwa kuwa majirani wanatazama, kisha kubishana hata kwa mia mbili siku ya kuirudisha. Kama huna pesa ya laina, sili na fundi wa siku zote mbili, usifungue hata bolti moja. Mazishini panda matatu.