Bomba la moshi: Rahisi kwa mwenye gari, ghali kwa abiria

KWA wamiliki wa magari katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, bomba la moshi, au ekzosi, ni kipuri kinachochakaa haraka. Mawe ya barabara za vumbi hulipiga kwa chini, mipira inayolishikilia hukatika, na kutu huanzia ndani, kwa sababu katika safari fupi mvuke wa injini hugeuka maji na kubaki humo.

Likishatoboka, mwenye gari ana njia tatu: kuchomelea tundu, kununua bomba la mtumba la gari la aina hiyo hiyo, au kutengenezewa jipya na fundi wa kuchomelea. Huonekana kuwa ni suala la mfuko wa mtu binafsi, lakini athari zake humfikia abiria wa kiti cha nyuma na jirani wa kando ya barabara.

Imani iliyoenea ni kwamba bomba pana lisilo na kizuizi huongeza nguvu. Kwa gari la mashindano hilo lina ukweli. Kwa injini ndogo ya lita 1.5, kama zilivyo nyingi za magari yaliyotumika kutoka Japan, bomba pana kupita kiasi hupunguza mwendo wa moshi, na nguvu hupungua katika mizunguko ya chini. Hapo ndipo dereva anapoihitaji, akipanda vilima vya kuelekea Nkwenda au Murongo akiwa amejaza abiria. Kinachoongezeka kwa hakika ni kelele.

Suala zito zaidi ni masega, kifaa chenye vijitundu mithili ya sega la nyuki, kinachopunguza sumu katika moshi. Zamani petroli yenye risasi iliyaharibu, na kuyaondoa kulikuwa na sababu. Sababu hiyo ilikwisha mwaka 2006, pale nchi za Kusini mwa Jangwa la Sahara zilipoachana na petroli hiyo.

Leo kishawishi ni kingine. Masega yana platinamu, paladiamu na rodiamu. Mwaka 2021 aunsi moja ya rodiamu ilivuka dola 20,000 za Marekani katika soko la dunia. Fundi anayejitolea kuyaondoa bila malipo huenda ndiye anayelipwa zaidi.

Wapo wanaodai kuwa masega yakiziba gari hukosa nguvu. Ni kweli. Hata hivyo, mara nyingi huziba kwa sababu injini inakula oili au plagi hazichomi sawasawa. Kuyang'oa huondoa dalili na kuuacha ugonjwa.

Madhara makubwa hutokea pale masega yanapokosekana na bomba likawa linavuja chini ya sakafu. Monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu. Huanza kwa kuumwa kichwa na kizunguzungu, na huweza kuua. Vioo vikifungwa kwa sababu ya vumbi au mvua, gesi hujikusanya ndani. Mlango wa nyuma ukiachwa wazi ili kubeba mikungu ya ndizi, moshi huvutwa kurudi kwa abiria.

Sheria zipo. Nchi ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kanuni za viwango vya ubora wa hewa za mwaka 2007 na za kelele za mwaka 2015. Lakini gesi isiyoonekana haiwezi kukamatwa kwa ukaguzi wa macho. Ukaguzi wa magari unaoambatana na Wiki ya Nenda kwa Usalama ungekuwa na maana zaidi kama ungehusisha kipimo cha moshi.

Kwa sasa, chaguo salama ni bomba lenye upana ule ule wa awali, masega yakiwa mahali pake, na maungio yaliyokaguliwa injini ikiwaka. Gharama yake ni kubwa kidogo, lakini abiria anayelipa nauli Omurushaka hana njia ya kujua kilichofungwa chini ya kiti chake.