Mama Anayengoja Nafasi

Sisi tunaopima watoto kliniki tumezoea mizani ya kilo. Huko kusini-magharibi mwa Australia yupo mnyama mdogo mwenye mfuko kama kangaruu, aitwaye posamu wa asali. Mtoto wake akizaliwa hafikii hata miligramu 5. Punje ya mchele ni nzito kumzidi! Mama mwenyewe ana gramu 12 hivi, na humzidi baba.

Chakula chake ni nekta na chavua tu, hasa za mmea wa banksia, ambao maua yake hujipanga mamia kwa mamia kama hindi kwenye gunzi. Akishalamba, huondoka na chavua puani hadi ua jingine.

Tulichokipenda zaidi ni jinsi wote wawili wanavyongoja. Posamu huyo huweza kushika mimba akiwa bado ananyonyesha, lakini mimba hiyo hulala, haikui, mpaka walio mfukoni watoke, baada ya siku 60 hivi. Banksia nyingi nazo hufungia mbegu katika ganda gumu kwa miaka, hadi moto wa porini ulifungue.

Sisi miili yetu haifanyi hivyo. Wangapi wameketi mbele yetu na mtoto wa miezi 8 mgongoni, wakisema, "Sista, si nanyonyesha?" Kinga hiyo ipo, ila kwa miezi 6 ya mwanzo tu, mtoto akinyonya maziwa ya mama peke yake mchana na usiku, na hedhi ikiwa haijarudi. Moja likikosekana, njooni kliniki, na baba aje pia.