Kufundisha watoto wadogo ni kazi yenye inasomewa, na yenye inapashwa kulipwa



Siku nilijulisha nyumbani kama nimejiandikisha katika elimu ya watoto wadogo, baba mudogo aliniuliza mbele ya watu wote: « Miaka tatu ya lisansi, juu tu ya kuimbisha watoto na kuwapangusa kamasi? » Watu walicheka. Mama hakucheka. Mama anauzisha maharagi soko, na ni yeye anatoa makuta yangu ya masomo. Aliuliza swali moja tu: « Na wakati utamaliza, nani atakulipa? »

Leo ninaandika juu ya maswali hayo mawili. Swali la baba mudogo liko na jibu. Swali la mama, ni Leta inapashwa kulijibu.

Tunajifunza nini miaka yote ile? Tunajifunza ginsi mutoto anakomea: mwili wake, akili yake, luga yake, woga wake. Nitatoa mufano mumoja. Mutoto wa miaka mine anahesabu moja mpaka kumi, wazazi wanapiga mikono. Lakini anaweza kuwa anaimba tu. Panga mistari miwili ya maharagi mbele yake, tano kwa tano, sawasawa. Atakuambia zinalingana. Kisha tawanya mustari mumoja mpaka ukuwe mrefu. Watoto wengi wa umri huo watasema ule mrefu uko na maharagi mingi zaidi. Muswisi Jean Piaget alionyesha hiyo zamani. Mutoto huyo si mujinga. Akili yake ingali njiani. Mwalimu mwenye kujua atamuachia agusge, asogeze, ahesabu tena. Mwalimu mwenye hajui atamupiga fimbo.

Mufano wa pili niliuona na macho yangu. Wakati wa staji, hapa Butembo, katika kalasi kulikuwa mutoto mumoja wa familia yenye ilikimbia vita upande wa Kanyabayonga katika mwaka 2024. Wakimuita, hajibu. Walimuikalisha nyuma kabisa, wakisema ni kichwa ngumu. Niliomba ruhusa, nikasimama nyuma ya mugongo wake, nikamuita jina. Hakugeuka. Nikagonga kidumu. Hakugeuka. Nikapita mbele yake, nikamuita tena kwa sauti: alinitazama mudomo, akacheka, akaitika. Hakuwa kichwa ngumu. Hakuwa anasikia muzuri. Tulimuleta kiti cha mbele, tukaongea na mama yake ili amupeleke kwa munganga.

Mwalimu wa kalasi ile si mutu mubaya. Ni mama mwenye moyo, na watoto wanamupenda. Lakini hakuna mutu alimufundisha ginsi ya kupima mambo kama hayo. Mapendo peke yake haitoshe, baba mudogo. Ndiyo sababu tunaenda kusoma.

Sasa tuje kwa swali la mama.

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya musingi ni ya lazima na ni ya bure katika masomo ya Leta. Tulingoja miaka 13 ili jambo hilo lianze kutimizwa, Septemba 2019. Tuliunga mukono, na tungali tunaunga mukono. Lakini ubure huo unaanzia mwaka wa kwanza wa musingi. Mutoto wa miaka tatu, mine, tano, yeye anabaki kwa mufuko wa wazazi. Maternele mingi ni za makanisa na za watu binafsi, na ziko katika miji. Toka kidogo tu kwa barabara kubwa, uende ndani ya vijiji vya Lubero: utatafuta maternele mpaka uchoke.

Matokeo yake ni haya. Septemba, mwalimu wa mwaka wa kwanza anapokea watoto wawili kwa kiti kimoja. Mumoja amepita miaka tatu katika maternele: anashika kreyo, anajua rangi, anasikia Kifaransa kidogo. Mwingine ametoka moja kwa moja shambani na mama yake: anaongea Kinande, anasikia Kiswahili cha njiani, hajawahi kushika kreyo. Kalasi imejaa, juu tangu masomo ilikuwa bure watoto waliongezeka kuliko vyumba. Mwalimu anatembea na yule wa kwanza. Wa pili anarudilia mwaka, na nyuma ya siku tunamuita mujinga. Hapo ndipo usawa unavunjikia, akiwa na miaka sita tu. Sisi tunakuja kushangaa wakati ana kumi na tano, akiwa katika shimo la zahabu ao porini na bunduki.

Na mwalimu wa maternele? Mushahara wake unatoka kwa wazazi. Mwezi wenye wazazi wamelipa, anapata kitu. Mwezi wenye vita imefunga barabara na soko imekufa, hapati. Ata katika masomo yenye Leta inatambua, kuko walimu wenye wanafundisha miaka na miaka bila kuingia katika listi ya wenye kulipwa, wale tunaita « N.U. ». Basi musichana anamaliza lisansi, anafundisha mwaka moja, anachoka, anaenda kuuzisha krediti ya simu ao kutafuta kazi katika shirika. Watoto wanabaki na mutu mwenye hakusoma, mwenye anakubali makuta kidogo. Halafu watu wanasema: « Muliona? Kazi hii haiombe masomo. » Tunazunguka ndani ya duara hiyo tu.

Najua kuna wenye watasema: inchi iko na vita, watu wanachinjwa Beni na Lubero, na ninyi munaongea juu ya maternele? Ndiyo, tunaongea. Mutoto mwenye ameona nyumba ikiungua anahitaji mahali pa kucheza, pa kulala bila kushituka, na mutu mukubwa mwenye kujua juu ya nini ameacha kuongea. Vita ikiisha kesho, mutoto huyo hatarudi kuwa na miaka mine ili tumuanzishe upya.

Wengine watasema Leta haina makuta. Tunajibu: inchi yenye inalipa magari ya wakubwa iko na makuta, tatizo ni inaanza kulipa nini. Lakini pia hatutaki watangaze tena ubure mu redio, bila vyumba na bila mushahara. Kosa hilo tumeliona. Waanze kidogo, lakini waanze kweli.

Mwaka 1907, Maria Montessori alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto Roma, katika mutaa wa San Lorenzo, mutaa wa wamaskini. Leo jina lake linaandikwa kwa milango ya masomo ya watajiri katika miji mingi ya dunia. Kazi yenye ilianza juu ya watoto wa wamaskini, wamaskini ndio wanaikosa. Sisi hatukubali iwe vile hapa kwetu.

Tunaomba mambo mane, na tutarudi kuyauliza:

1. Kila masomo ya musingi ya Leta ipate ata kalasi moja ya maternele, kuanzia vijiji na mahali penye wakimbizi.
2. Walimu wa maternele waingizwe katika listi ya wenye kulipwa na Leta, na diploma yao ihesabiwe.
3. Wanafunzi wa staji wafwatwe na walimu wao katika kalasi, si kusainiwa karatasi tu.
4. Mutoto aanze kufundishwa katika luga anayosikia, Kifaransa kimukute akiwa amesimama.

Na sisi wanafunzi tujiangalie pia. Kuko wenye wanaingia katika idara hii juu walikosa nafasi kwingine. Kuko wenye wanakopia kazi ya mwisho ya mwenzao na kubadilisha jina. Hatuwezi kudai mushahara wa mutu mwenye alisoma kama hatukusoma. Na ninyi vijana wanaume, muje: katika kalasi yetu muko wawili tu, kama vile mutoto haitaji kuona mwanaume mwenye anamuongelesha polepole.

Mama angali anauzisha maharagi. Mwaka unakuja nitamaliza, na ataniuliza tena swali lake. Sitaki kumujibu « Mungu anajua ». Mungu anajua, lakini bajeti haiandikwe mbinguni. Inapigiwa kura Kinshasa, na watu wenye tulichagua, na wako na majina.

Mwanafunzi wa elimu ya watoto wadogo, mwanamemba wa mwendo wa vijana, Butembo